Simu nzima, programu inagoma: kilichojificha nyuma ya "biti 32" na "biti 64"

Kuna swali limekuwa likirudi mara kwa mara kwenye ujumbe mnaotutumia studio, kutoka Chamwino, Bahi, Kongwa hadi Manyoni. Simu inawaka, chaji inakaa, mtandao unasoma, lakini ukitaka kuweka programu fulani inakataa. Wengine wanaandikiwa kwamba kifaa chao hakioani na toleo hilo. Wengine wamerushiwa programu na jirani kwa Xender, ikafika yote, kisha simu ikasema programu haijasakinishwa. Ukienda kwa mafundi, mmoja anasema simu ni feki, mwingine anasema imejaa, wa tatu anakushauri ununue nyingine.

Inawezekana kabisa wote watatu wamekosea. Simu inaweza kuwa halali, nzima, yenye nafasi ya kutosha, na bado ikaikataa programu kwa sababu ambayo haiandikwi kwenye boksi wala haitajwi dukani. Sababu hiyo ni aina ya prosesa iliyomo, na namna mfumo wa simu ulivyopangwa kuzungumza na prosesa hiyo. Tumeona tuieleze kwa utaratibu, maana anayeijua anaweza kuokoa fedha za magunia kadhaa ya mahindi.

Programu ina lugha yake

Prosesa ndiyo sehemu ya simu inayofanya kazi ya kufikiri. Inapokea maagizo na kuyatekeleza, mamilioni kwa sekunde. Lakini kila ukoo wa prosesa una lugha yake ya maagizo. Simu nyingi mno tunazotumia zina prosesa za ukoo unaoitwa ARM. Kompyuta nyingi za mezani zina prosesa za ukoo mwingine, ule wa kampuni za Intel na AMD. Programu iliyotengenezwa kwa ukoo mmoja haieleweki kwa mwingine.

Mrangi wa Kondoa na Msandawe wa Farkwa ni majirani, lakini kila mmoja akishikilia lugha ya kwao tu hawataelewana hata kidogo. Hakuna mwenye kasoro kati yao. Lugha ndizo hazikutani. Ndivyo ilivyo kwa programu ya kompyuta ukijaribu kuiweka kwenye simu.

Ndani ya ukoo mmoja nako kuna vizazi. Kizazi cha zamani cha ARM kinafanya kazi kwa biti 32, na kipya kwa biti 64. Tofauti yake kubwa iko kwenye ukubwa wa namba ambazo prosesa inaweza kuzishika kwa mara moja. Kwa biti 32, idadi ya vyumba vya kumbukumbu vinavyoweza kuhesabiwa moja kwa moja inaishia kwenye bilioni 4 na ushee, yaani GB 4. Kwa biti 64 mpaka huo uko mbali mno kiasi kwamba hatuna haja ya kuuwazia.

Simu ya kwanza sokoni yenye prosesa ya biti 64 ilikuwa iPhone 5s, mwaka 2013. Upande wa Android, mfumo ulianza kuikubali biti 64 kwenye toleo la 5.0, mwaka 2014. Tangu hapo vizazi hivi viwili vimekuwa vikiishi pamoja, na simu nyingi za biti 64 zilitengenezwa ziweze kusoma programu za aina zote mbili. Ni kama mjukuu anayejua Kigogo na Kiswahili: atampokea bibi kwa Kigogo na mgeni kwa Kiswahili. Simu ya biti 32 haina uwezo huo. Inasoma za biti 32 peke yake.

Sasa kuna mjukuu wa tatu, yule ambaye Kigogo kimempotea kabisa. Mwaka 2022 Google ilitoa simu yake ya Pixel 7, ambayo inakubali programu za biti 64 tu. Apple ilikuwa imeshatangulia: kuanzia mfumo wa iOS 11, Septemba 2017, iPhone haifungui tena programu za biti 32. Mwelekeo wa dunia uko wazi, na kizazi cha zamani kinaachwa.

Lugha moja, vipimo tofauti

Jambo la pili ni gumu kidogo kulielewa, lakini wakulima wanalijua vizuri kwa mfano wa soko.

Fikiria soko la mahindi la Kibaigwa. Muuzaji na mnunuzi wote wanazungumza Kiswahili safi. Muuzaji anasema "kumi" akiwa na maana ya debe kumi. Mnunuzi anasikia "kumi" na kuandika gunia kumi. Hakuna aliyekosea lugha, lakini hesabu imeharibika, na mmoja ataondoka analia. Kinachokosekana ni mapatano ya vipimo kabla ya kukabidhiana.

Programu nazo zinakabidhiana namba kila sehemu ya sekunde: programu kwa mfumo, mfumo kwa programu. Ni lazima wapatane mapema namba inawekwa wapi, inachukua nafasi kiasi gani, na jibu litarudishwa kupitia mlango upi. Mapatano hayo yakitofautiana, prosesa inaweza kuwa ileile, lugha ileile, na bado kazi ikavurugika. Kibaya zaidi ni pale programu inapokubali kufunguka halafu ikatoa majibu ya uongo.

Wanaotengeneza mfumo wa bure wa Debian, mmoja wa mifumo ya Linux inayotumika duniani kote, waliwahi kukumbana na jambo hili. Kwa prosesa za ARM za biti 32 walikuwa na mapatano ambayo namba za desimali zilipitishwa kwenye mlango mmoja na namba za kawaida. Prosesa nyingi mpya zilipokuja na sehemu maalumu ya kukokotoa desimali, ilikuwa hasara kutoitumia. Wakatengeneza mapatano mapya yanayopitisha desimali moja kwa moja kwenye sehemu hiyo. Lakini ukichanganya programu za pande mbili, mmoja anaweka namba mlango wa mbele, mwingine anaisubiri mlango wa nyuma, naye anaokota chochote alichokikuta pale.

Hawakuruhusu mchanganyiko huo. Walizitenga programu katika makundi mawili yenye majina tofauti: armel kwa mapatano ya zamani, na armhf kwa mapatano mapya, yaliyoanza kutolewa rasmi na Debian 7 mwaka 2013. Prosesa moja inaweza kuendesha zote mbili, lakini kila faili lina jina lake juu, na mfumo unalikataa lisilo la kwake.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Jina hilo ni kama alama ya vipimo juu ya gunia. Simu yako inapokataa programu, mara nyingi imesoma alama hiyo na kuona kwamba mzigo si wake. Kukataa kwake kunakukinga na hesabu mbovu.

Kitu kimoja, majina matatu

Tatizo ni kwamba waliotoa majina hawakukaa meza moja. Prosesa ileile ya ARM ya biti 64 inaitwa arm64 na Debian, inaitwa aarch64 na Fedora, na kwenye Android inaandikwa arm64-v8a. Ukikutana na lolote kati ya hayo, ujue ni ndugu mmoja kwa majina ya nyumbani, shuleni na kwenye kitambulisho. Ndugu yake wa biti 32 kwenye Android anaandikwa armeabi-v7a. Herufi hizo nne za katikati, "eabi", ndizo zinazotaja yale mapatano ya vipimo.

Kwa kompyuta kuna mtego mwingine. Mwalimu mwenye kompyuta yenye nembo ya Intel anataka kupakua mfumo wa Linux, anaona faili limeandikwa amd64, analiacha akidhani ni la kampuni nyingine. Si hivyo. Kampuni ya AMD ndiyo iliyotangulia kuleta lugha hiyo ya biti 64, mwaka 2003, na Intel ikaja kuipokea baadaye. Jina la aliyetangulia likabaki. Kwa hiyo amd64, x86_64 na x64 ni kitu kimoja, na kompyuta ya Intel ya biti 64 inalipokea faili hilo bila shida.

Boksi linasema hivi, simu inafanya vile

Sasa turudi kwenye simu za bei nafuu, ambazo ndizo nyingi huku kwetu.

Kununua simu yenye prosesa ya biti 64 hakukuhakikishii kwamba simu hiyo ni ya biti 64. Chukua prosesa ya Unisoc SC9832E, iliyowekwa kwenye simu nyingi za bei ya chini. Viini vyake vinne ni vya aina ya Cortex-A53, vyenye uwezo wa biti 64. Lakini simu nyingi zenye prosesa hiyo zimetoka kiwandani na mfumo wa Android wa biti 32. Prosesa inaijua lugha mpya, ila mfumo uliowekwa juu yake unazungumza ya zamani tu.

Viwanda havikufanya hivyo kwa hila. Programu za biti 64 hula kumbukumbu zaidi, na simu ya GB 1 ya kumbukumbu ingechoka mapema. Kwa ajili ya simu kama hizo Google ilitangaza mwaka 2017 toleo jepesi liitwalo Android Go. Lilisaidia watu wengi kupata simu janja ya kwanza. Ila mnunuzi hakuambiwa kwamba wepesi huo una gharama yake mbele ya safari.

Gharama hiyo inatokana na nani? Tangu Agosti 1, 2019, Google inamtaka kila mtengenezaji anayeweka kwenye Play Store programu yenye sehemu inayozungumza moja kwa moja na prosesa aweke pia toleo la biti 64. Tangu Agosti 1, 2021, programu zisizo na toleo hilo haziwafikii wenye simu za biti 64. Kanuni hiyo haikuwakataza watengenezaji kuendelea kutoa toleo la biti 32. Walio wengi wanatoa yote mawili. Lakini kutunza matoleo mawili ni kazi mara mbili ya kujaribu na kurekebisha, na taratibu baadhi yao wanaamua kuliacha la zamani. Uamuzi huo unafanyika ofisini mbali, na matokeo yake yanaonekana kwenye kiganja cha mkulima wa Mpwapwa.

Si kila programu inaathirika. Zilizo rahisi, ambazo hazigusi prosesa moja kwa moja, hufanya kazi kokote. Zinazosumbua mara nyingi ni za michezo, za video, na zile zinazopiga picha ya uso ili kumtambua mtu.

Kwa nini kurushiana hakufanyi kazi kama zamani

Vijijini tumezoea kusaidiana. Mmoja anapakua kwa bando lake, wengine wanarushiwa bila gharama. Desturi hii nzuri imepata pigo ambalo wengi hawajui limetoka wapi.

Zamani programu ya Android ilikuwa faili moja lenye kila kitu ndani: sehemu ya biti 32, ya biti 64, na lugha zote. Ni kama fundi baiskeli anayetembea na spea za kila aina. Ukilirusha kwa simu yoyote, lilijichagulia sehemu yake. Kuanzia Agosti 2021 Google inataka programu mpya ziwekwe kwa mtindo mwingine: mtengenezaji anaikabidhi Play Store mzigo wote, kisha Play Store inamkatia kila mwenye simu kipande kinachomfaa yeye tu. Faida yake ni kwamba bando linalotumika ni dogo. Hasara ni kwamba kilichomo kwenye simu ya jirani kimekatwa kwa kipimo cha simu ya jirani. Akiwa na simu ya biti 64 na wewe ya biti 32, anachokurushia hakina kipande chako. Na baadhi ya njia za kurusha huchukua faili kuu tu na kuacha vipande vyake, hivyo programu hukataa hata kwenye simu zinazofanana.

Hapa ndipo hatari inapoingia. Mtu aliyekataliwa na Play Store na kurushiwa kukashindikana huanza kutafuta faili mitandaoni, au kupokea kiungo kwenye kundi la WhatsApp. Faili la programu kutoka kwa mtu usiyemjua linaweza kubeba kitu cha kusoma ujumbe wako mfupi, ukiwemo ule wenye namba za siri za miamala. Alama ya biti 32 juu ya faili inakuambia litafunguka kwenye simu yako. Haikuambii limetengenezwa na nani.

Tulitangaziwa 2016, safari hii kimya

Wengi mnakumbuka Juni 2016. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu zote feki nchini. Kabla ya siku hiyo kulikuwa na matangazo redioni kwa miezi. Kila mtu alifundishwa kubonyeza *#06# ili kuona namba ya utambulisho wa simu yake, na kuituma kwenda 15090 ili kujua kama ni halali. Uamuzi ulikuwa mchungu kwa waliokuwa na simu hizo, lakini ulikuwa na tarehe, ulikuwa na mwenyewe, na kila mtu alipewa njia ya kujichunguza.

Mabadiliko ya sasa hayana tarehe moja wala mlango wa kugonga. Hakuna simu inayozimwa. Inaachwa nyuma programu moja baada ya nyingine, hadi mwenyewe anadhani imeharibika. Namba ya 15090 haitakusaidia, kwa sababu simu yako ni halali. Ndiyo maana tunasema jukumu la kueleza limebaki kwa wanaotoa programu hizo na kwa sisi tunaotangaza.

Kwa taasisi za umma jambo hili lina uzito wa pekee. Mamlaka ya Serikali Mtandao, yenye makao yake hapa Dodoma, ndiyo inayosimamia viwango vya mifumo ya taasisi za umma. Ni haki ya mwananchi kuuliza, kila programu mpya ya huduma inapozinduliwa: je, inafanya kazi kwenye simu za biti 32? Na asiye na simu janja anapitia wapi? Menyu ya *152*00# ya serikali, kama ilivyo *150*00# ya M-Pesa, haijali prosesa wala biti. Inafunguka hata kwenye kitochi. Huduma inayohamia kwenye programu peke yake na kuifunga njia hiyo inawaacha watu nje bila kutamka.

Kompyuta za shule nazo

Shule nyingi zinatumia kompyuta zilizotolewa msaada baada ya kutumika kwingine. Zilizo kongwe zaidi ni za biti 32. Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Debian, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kimbilio la kompyuta za zamani, ilitoa toleo lake la 13 Agosti 9, 2025, na toleo hilo halina tena njia ya kusakinishwa kwenye kompyuta ya biti 32 ya ukoo wa Intel. La mwisho kuwa nayo ni Debian 12. Kamati ya shule inayopokea msaada wa kompyuta iulize swali hilo kabla ya kukodi gari la kuzibeba.

Kuna tarehe moja mbele inayofaa kukumbukwa. Mifumo mingi ya biti 32 huhesabu saa kwa kujumlisha sekunde tangu Januari 1, 1970. Hesabu hiyo itajaa Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, na mfumo ambao haukurekebishwa utarudi kuhesabu kutoka mwaka 1901. Debian wamesharekebisha hili kwa kundi lao la armhf. Vifaa ambavyo havitapata marekebisho vitabaki na saa ya uongo.

Ufanye nini

Kwanza, tofautisha sababu. Kama simu inasema nafasi haitoshi, futa video na picha. Kama toleo la Android ni la zamani sana, hilo ni jambo lingine: WhatsApp, kwa mfano, Oktoba 24, 2023 iliacha kukubali simu zenye Android iliyo chini ya toleo la 5.0. Yote mawili yakiwa sawa na bado inagoma, ndipo uifikirie prosesa.

Pili, jua alama ya simu yako. Weka kutoka Play Store programu ya AIDA64 au CPU-Z. Ukiona arm64-v8a au aarch64, una biti 64. Ukiona armeabi-v7a peke yake, au armv7l, au armv8l, mfumo wako ni wa biti 32. Andika alama hiyo pembeni ya namba yako ya IMEI.

Tatu, unaponunua simu, hasa iliyokwisha kutumika, mwombe muuzaji akuruhusu kuangalia alama hiyo kabla ya kutoa fedha. Usiridhike na neno "biti 64" kwenye boksi, kwa sababu huenda linaisifia prosesa huku mfumo ukiwa mwingine.

Nne, kama programu ya benki au mtandao wa simu imekukataa, uliza huduma hiyohiyo kwa njia ya kubonyeza namba. Usifuate kiungo cha mtu. Ukipata ujumbe wa kitapeli, uhamishie kwenda 15040.

Tano, usiitupe simu ya biti 32. Bado inapiga, inapokea, inafungua kurasa za mtandao na programu nyingi ambazo watengenezaji wake hawajaliacha toleo la zamani. Kama inatimiza unachokihitaji leo, huna deni la kununua nyingine kwa sababu fundi amekosa jibu.